Ada ya Kusema na Mnara

Tarehe 4 Februari

Kaka Fundi,

Naandika nikiwa chumba cha mapumziko, nimebakiza dakika arobaini kabla ya kurudi kwenye rada. Chai imeshapoa. Nimetaka habari hii uipate kwangu kabla hujaisikia redioni, maana huko wataisema kwa haraka halafu waende kwenye michezo.

Kuanzia tarehe mosi Aprili ofisi yetu ya kuongoza ndege haitakuwa tena ya serikali. Inakabidhiwa kampuni. Sisi waongoza ndege tunabaki kwenye viti vilevile, mbele ya rada zilezile, ila mwajiri ni mwingine. Wameshatugawia vitambulisho vipya. Kwenye picha yangu nimefumba jicho moja, na wamekataa kunipiga nyingine.

Sasa sikiliza linalokuhusu. Mpaka leo wewe na wenzako wenye ndege ndogo mnalipia huduma yetu ndani ya bei ya mafuta. Ukijaza tangi umemaliza, unaita mnara unavyotaka. Kampuni inataka kila huduma ilipiwe peke yake. Ukiita mnara, ada. Ukiomba hali ya hewa, ada. Ukipita ndani ya anga letu, lile duara kubwa linalozunguka uwanja mkuu, ada. Mashirika makubwa yamefurahi, kwa sababu siku nyingi yanalalamika kwamba yanawabeba mgongoni watu wa ndege ndogo.

Imeundwa kamati ya watu saba kuupitia mpango huo, na mimi nimechaguliwa kuwasemea waongoza ndege. Najua utacheka: yule Kasuku aliyekuwa anarudia kila neno la watu wazima, leo amepelekwa kwenye kamati kusema. Lakini sitaki niende mikono mitupu. Kaa na wenzako hapo uwanjani, mzungumze, halafu uniandikie. Usinipigie simu. Kazini tunaziacha kwenye makabati, na wewe kwenye simu unapaza sauti kama unamwita mtu ng'ambo ya mto. Isitoshe, barua naweza kuiweka mezani mbele ya watu.

Msalimie wifi. Mwambie gauni limenikaa vizuri, ila mkono wa kushoto unataka kuwa mkubwa kuliko wa kulia, au labda ni mimi nimepinda.

Mdogo wako,
Kasuku


Tarehe 17 Februari

Mdogo wangu Kasuku,

Barua yako niliisoma mara mbili peke yangu, mara ya tatu nikawasomea wenzangu. Tulikaa ndani ya banda la ndege, juu ya madebe na matairi ya zamani, sisi sita wenye ndege pamoja na Mzee wa Mnara. Huyo aliteremka ngazi zake zote ishirini na mbili kuja kusikiliza, na huko juu akaacha dirisha wazi ili asikie kama kuna injini inakuja.

Nakueleza walivyosema bila kutia chumvi. Yule mwenye mashamba alisema yeye atalipa tu, haraka zake hazingoji. Wengine waliguna. Aliyesema la maana ni daktari wa mifugo. Unamkumbuka, yule mwanamke niliyemfundisha kuruka, aliyekuja siku ya kwanza na mabuti yenye samadi ya ng'ombe nikamwambia ayavue kabla hajapanda. Anatibu mifugo ya mashamba ya mbali, na kwa gari angekuwa anafika ng'ombe ameshazikwa. Maneno yake nayaandika kama yalivyotoka:

"Kwa siku naita mnara mara kumi, mara kumi na tano. Siiti kwa sababu nimepotea. Naita kwa sababu sina uhakika. Mkinitoza kwa kutokuwa na uhakika, nitajifunza kunyamaza."

Mzee wa Mnara akaongeza kwamba katika miaka yake thelathini, karibu kila rubani aliyemwokoa alianza na swali la kipuuzi. Mtu anauliza upepo ukoje, kumbe ana jambo jingine linamkereketa.

Mimi mwenyewe sikusema mengi. Nilipostaafu ufundi wa injini niliinunua ile ndege mwili uko kwenye lori moja na mabawa kwenye lori jingine, na miaka mitatu nikawa naiunga. Sasa kila Jumapili naruka saa moja. Nalizunguka bwawa, naliona paa la nyumba yetu, namwona wifi yako akitoka uani kunipungia nguo aliyokuwa anaishona, narudi. Sinywi, sichezi karata, hiyo ndiyo starehe yangu yote. Ada zikizidi nitaruka Jumapili moja naacha moja. Wewe peleka ya daktari, yangu si ya kupeleka.

Wiki ijayo naenda mjini kwa daktari wa marubani, kile kipimo cha kila mwaka. Atanivuta kope, atanigonga goti, atanipa cheti, basi.

Wifi yako anasema mikono ya gauni iko sawa. Umepinda.

Kaka yako,
Fundi


Tarehe 22 Machi

Kaka,

Mpango umepita.

Tulikaa siku tatu kwenye chumba chenye meza ndefu inayong'aa mpaka mtu anaona pua yake. Niliyasoma maneno ya daktari wa mifugo, yote. Mjumbe wa mashirika makubwa, mtu mpole tu, mwenye sauti ya kubembeleza, akaniuliza: rubani asiye na uhakika anatafuta nini angani? Jibu lilikuwapo, lakini lilinijia nikiwa ngazini, wenzangu wameshavaa makoti.

Basi kura zikapigwa. Ni majaribio ya miezi sita, ila Mei tutakutana kuangalia yanavyokwenda. Ada zinaanza tarehe mosi. Mnara wenu utafungwa, na Mzee wa Mnara atapewa haki zake aende nyumbani. Mkitaka kusema na mtu mtaita huku kwetu, na kila mwito utaandikwa na kompyuta.

Nimedokezwa pia kwamba nafasi ya mkuu wa zamu itakuwa wazi karibuni na jina langu limetajwa. Nilidhani siku nikilisikia hilo nitaruka juu. Nilirudi nyumbani nikafua mapazia.

Hukuniambia daktari wa marubani amesema nini. Mwaka jana uliniandikia mpaka uzito wako.

Kasuku


Tarehe 14 Aprili

Mdogo wangu,

Ndege yangu nimeifunika turubai. Wifi yako ameishona kwa vipande vinne, imekaa kama suruali ya kupimwa. Nimetoa betri, nimeziba bomba la moshi kwa matambara ili ndege wenye manyoya wasijenge humo.

Kwa sababu ya ada nimeona niache. Mtu wa umri wangu hana haja ya kulipia kila neno analolisema. Wenzangu wamesikitika sana, na mwenye mashamba amekuja mpaka nyumbani kunibembeleza, akataka hata kunilipia. Nimekataa. Usije ukajiona una kosa. Wewe ulisema yaliyokuwa ya kusemwa.

Mnara wamefunga kwa kufuli la shaba. Mzee wa Mnara aliondoka na thamosi yake na rejista moja ya zamani, akatupa mkono mmoja mmoja. Daktari wa mifugo bado anaruka. Anasema amejifunza kulizunguka anga lenu kwa nje, kupitia upande wa milima, hivyo haiti mtu. Nilimwambia njia ile ni mbaya mawingu yakishuka. Akasema ng'ombe hawasubiri mawingu yapande.

Habari za kwa daktari ni zilezile za kila mwaka.

Fundi


Tarehe 3 Mei

Kaka yangu,

Barua yako niliipata tarehe ishirini na nne nikaisoma nimesimama. Sikuweza kuijibu. Nilikuwa naiona ile turubai mpaka nikiwa kazini, katikati ya rada. Kisha likatokea jambo ambalo lazima nikueleze taratibu.

Tarehe ishirini na nane nilikuwa zamu ya asubuhi. Mawingu yalikuwa chini tangu alfajiri. Mnamo saa nne nikaona alama ndogo ukingoni mwa duara letu, upande wa milima, haina jina, inakwenda polepole kama mdudu anayetafuta ufa wa kuingia. Ilikwenda kusini, ikageuka, ikarudi, ikageuka tena. Haikuita mtu. Kwa sheria mpya, asiyeita si mteja wangu. Mwenzangu wa kiti cha pili akaniambia niiache, haiko ndani.

Niliita kwenye masafa ya wote. Nikataja ilipo, nikasema kama unanisikia, nijibu. Kimya. Nikaita mara ya pili. Mara ya tatu nikasema: mimi si wa kukuandika, nataka tu ujue mlima uko mbele yako kilomita nne.

Ikatoka sauti ya mwanamke, imekauka kabisa. "Nakusikia. Sioni kitu. Nimechelewa kuita, nilidhani nitapata njia."

Nilimgeuza kushoto, nikampandisha, nikamwingiza ndani ya anga letu na kumtoa upande wa bwawa ambako kulikuwa na mwanga. Dakika kumi na tisa. Alipoliona jua alisema asante, kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kama hiyo yote itahesabiwa kuwa mwito mmoja au mingi. Hapo ndipo nilipomtambua, kwa maneno yako, maana sijawahi kumwona. Nikauliza, wewe ni daktari wa mifugo? Akasema ndiye. Nikamwambia mimi ni mdogo wake Fundi. Kompyuta ikaendelea kuandika.

Kamati inakutana tarehe kumi na tano. Nitaomba mkanda wa redio wa siku ile usikilizwe, ingawa wakubwa wameshasema suala hilo liko kwenye uchunguzi. Wakiukataa, nitasoma barua yako ya tarehe kumi na nne Aprili. Nitawaambia huyu ni kaka yangu mwenyewe, amefunika ndege aliyoiunga kwa mikono yake, kwa sababu ya ada tuliyoipitisha mezani hapa. Safari hii sitalipata jibu nikiwa ngazini.

Kama hutaki niisome, niandikie upesi. Ukinyamaza nitajua umeridhia.

Kasuku


Tarehe 13 Mei

Kasuku,

Barua yako imefika jana jioni. Usiisome ile barua. Tafadhali mdogo wangu. Mweleze daktari wa mifugo aende mwenyewe, au soma yale ya Februari, lakini ile ya turubai iache. Nitakueleza. Hii naipeleka posta sasa hivi kwa miguu.

Kaka yako


Tarehe 16 Mei

Kaka yangu mpenzi,

Jana nimeisoma.

Mkanda waliukataa kama nilivyotarajia. Nikafungua barua yako, nikaisoma kuanzia turubai mpaka ng'ombe wasiosubiri mawingu. Nilirudia mara mbili yale matambara ya bomba la moshi, sijui kwa nini hapo. Nilipomaliza, yule mpole wa mashirika alikuwa anaangalia kalamu yake. Mkurugenzi wa kampuni, mama mmoja mkavu ambaye sijawahi kumwona akicheka, alivua miwani akaniuliza wewe kaka yangu una umri gani. Nikamwambia sitini na saba. Akasema baba yake alikuwa fundi wa redio, na alipostaafishwa alizifunika redio zake hivyohivyo kwa shuka.

Wamekubali mpango urudishwe kuangaliwa upya. Kikao ni tarehe ishirini Juni. Mkurugenzi ameomba barua yako iingizwe kwenye jalada kama ushahidi, na kama afya inaruhusu, uje mwenyewe useme mbele ya kamati. Nauli watatoa wao. Kaka, kwa mara ya kwanza tangu tuanze haya mambo nimelala mchana mzima bila kuamka.

Njoo. Nitakutandikia chumba cha mbele.

Kasuku

Tarehe 20. Nilikuwa naziba bahasha, barua yako ya tarehe kumi na tatu ikaletwa. Sielewi. Umenisihi nisiisome, kwa nini? Kuna nini ndani yake ambacho sikukiona?


Tarehe 27 Mei

Mdogo wangu,

Naandika hii mezani kwa wifi yako, katikati ya vitambaa, na yeye amekaa mbele yangu kuhakikisha siinuki kabla sijamaliza.

Yale niliyokuandikia kuhusu turubai ni kweli, betri ni kweli, matambara ni kweli. Uongo ni pale niliposema "kwa sababu ya ada." Ada haikunishusha mimi. Nilishushwa na daktari wa marubani, mwezi mzima kabla ada hazijaanza.

Alinisikiliza kifua muda mrefu kuliko kawaida. Akanipandisha kwenye ule mkanda unaotembea, akanibandika nyaya, akatazama karatasi zikitoka. Kisha akavuta kiti akakaa karibu nami, na daktari akikaa karibu nawe ujue yameshakuwa mengine. Akasema moyo wangu unaruka mapigo, na siku moja unaweza kukaa kimya kwa muda nikapoteza fahamu. Akaniuliza, "Wewe ni fundi. Injini ingekuwa inakosa mapigo hivi, ungeiruhusu ipande?" Nikamwambia nisingeiruhusu. Basi tukawa tumeelewana, akaiweka leseni yangu kwenye droo.

Nilirudi nyumbani na dawa za aina tatu. Wiki nne nikawa nawaambia wenzangu nina mafua, nitaruka wiki ijayo. Aprili ilipoingia nilikwenda bandani kuifunika ndege nikidhani sitamkuta mtu. Walikuwepo wote. Mwenye mashamba akasema, hata wewe ada zimekushinda, mzee? Nikatikisa kichwa kukubali. Sikuutunga ule uongo, Kasuku. Niliukuta umekaa mlangoni unaningoja, nami nikaingia. Walinionea huruma ya mtu aliyedhulumiwa, na hiyo niliiweza. Huruma ya mgonjwa singeiweza. Fundi mzima, mkononi mwake zimepita injini mia ngapi sijui, halafu injini yake mwenyewe ndiyo hairekebishiki.

Kwamba ulitaka tuandikiane badala ya simu, baada ya kutoka kwa daktari nilikushukuru moyoni. Siku hizi nikipanda ngazi tatu nahema, na wewe kazi yako ni kusikiliza sauti za watu. Juzi juzi nilikwenda posta kwa miguu ile barua ikufikie mapema, nikalazimika kukaa njiani mara mbili. Ningeinua simu ungepata habari siku ileile. Niliishika mara mbili nikairudisha.

Wifi yako alijua tangu siku ya kwanza, nikamkataza. Barua yako ya kamati ilipofika nilimsomea. Hakugomba. Aliweka mkasi chini akasema, "Umempa mdogo wako mzigo aubebe mbele za watu, na hukumwambia ndani mna nini." Sijalala vizuri tangu hapo.

Nisamehe. Umesimama mbele ya wakubwa na neno langu, na neno langu lilikuwa bovu. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili, ya mkurugenzi. Nimemwambia yote, kwa jina la ufundi wangu. Mpe au ichane, hiari yako. Ukiichana sitakulaumu, maana ada zile ni mbaya kweli hata kama hazikunigusa.

Kaka yako


Tarehe 23 Juni

Kaka,

Karibu wiki nne sikukuandikia. Wifi alipiga mara tano nikampokea mara moja, nikamuuliza dawa unameza au humezi, nikakata. Ilikuwa hasira. Baadaye nikajikuta nina hasira na nani sijui. Mwezi Machi nilikuuliza habari za daktari, Aprili ukanijibu kwa mstari mmoja, nami ninayetambua kwa sauti tu kwamba rubani ana hofu, nikaupita ule mstari kwa sababu nilikuwa na haja na ule mwingine. Turubai ilinifaa. Moyo wako haukuwa kwenye ajenda.

Na mimi nina langu. Nilikuandikia kwamba kura zilipigwa. Sikukwambia kwamba wakati mikono inanyooka, na wangu ulinyooka. Nilijiambia yatapita tu hata bila mimi, na kwamba nikiwa mkuu wa zamu nitaweza kulainisha mambo kwa ndani. Zilikuwa nne kwa tatu, kaka. Yasingepita bila mimi. Daktari wa mifugo alipokuwa anauliza kama atahesabiwa mwito mmoja au mingi, jibu la swali lile lilikuwa limetoka mkononi mwangu.

Kwa hiyo barua yako ya pili sikuichana. Nilimpelekea mkurugenzi ofisini siku moja kabla ya kikao. Aliisoma amesimama kando ya meza yake, akaniuliza kama ninajua maana yake kwangu. Nikamwambia ninajua, na naomba niisome mwenyewe kesho, kama nilivyoisoma ya kwanza.

Niliisoma. Nikaongeza langu la kura, ingawa halikuulizwa. Yule mpole wa mashirika alingoja nimalize, akasema kwa sauti yake ileile kwamba sasa ni wazi hoja nzima ilijengwa juu ya uongo, na tuendelee na mengine. Watu wakaanza kukusanya karatasi.

Nikasema hivi: "Kaka yangu alidanganya kuhusu moyo wake. Kuna mtu mwingine alinyamaza mlima ukiwa mbele yake, na huyo hakuwa anadanganya. Mkanda upo. Nisikilizeni dakika kumi na tisa, halafu mnifukuze."

Mkurugenzi akaagiza mkanda uletwe.

Sitakueleza ulivyosikika mle ndani. Nilijisikia mwenyewe naita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na katikati ni ile mikwaruzo tu. Yule mpole alifumba macho kabla ya mwito wa tatu. Nilipata kujua baadaye kwamba zamani alikuwa rubani. Swali la mwito mmoja au mingi lilipofika, mkurugenzi alisema inatosha.

Yametoka haya. Ada ya kuita mnara imefutwa, na ya hali ya hewa pia. Ada ya kupita ndani ya duara imebaki, isipokuwa kwa anayekimbia mawingu. Mnara wenu haufunguliwi, hapo nilishindwa kabisa. Lakini viwanja vidogo vimeruhusiwa kuweka mtu wa chini mwenye redio, wa kuwaambia marubani upepo ukoje na nani yuko karibu. Mtu huyo anasoma kozi ya wiki mbili huku kwetu, na anapimwa macho na masikio. Kifua hakimo kwenye fomu. Nimeisoma fomu mara tatu.

Mimi nimeondolewa kwenye kamati, na mkuu wa zamu atakuwa mwingine. Wala hakunitaka radhi mtu, wala sikustahili kutakwa. Jumatatu nilirudi kwenye kiti changu, ndege ya kwanza ikaita, nikaijibu.

Kozi inaanza tarehe kumi na tano Julai. Fomu iko humu ndani. Chumba cha mbele nimeshakitandika, na hakina ngazi.

Kasuku


Tarehe 11 Agosti

Mdogo wangu,

Nimefika salama siku nyingi, ila nilitaka kwanza nianze kazi ndipo nikuandikie. Dawa nameza. Wifi yako anahesabu vidonge.

Wenzangu niliwaambia, wote, palepale bandani. Mwenye mashamba alinitazama akasema alidhani ni mafua marefu mno. Hawakunionea ile huruma niliyoiogopa. Walianza kubishana meza ya redio iwekwe wapi, na wakanisahau nikiwa nimesimama hapo.

Wameiweka kwenye mlango wa banda, kivulini, ninaona njia yote ya kurukia mpaka mwisho. Nina redio, daftari, kalamu mbili na kiti chenye mgongo. Jumapili ilikuwa siku yangu ya kwanza. Daktari wa mifugo alikuja mapema, akasema injini ya ndege yangu itaharibika kwa kukaa, akaniomba aitoe. Tukaivua turubai pamoja. Nikamsikiliza akiiwasha, nikasikia iko sawa, nikakaa mezani. Akaita. Nikamwambia upepo unatoka mashariki, mdogo, hakuna mwingine hewani. Akasema amesikia, akaenda. Sijawahi kuiona ndege yangu kwa chini ikiondoka. Ni ndogo sana, Kasuku.

Alisema atazunguka bwawa na kurudi baada ya nusu saa. Nusu saa ikafika. Nikaita, hakujibu. Nilijua kuna ile sehemu nyuma ya kilima ambako redio haishiki, nimepita huko mara mia. Bado nikasimama. Nikakaa. Nikaandika saa kwenye daftari, nikaiandika tena chini yake. Wenzangu walikuwa wanaendelea na maongezi yao nyuma yangu, na mimi sikusikia hata neno moja kwa sababu masikio yote yalikuwa kule.

Miaka ishirini na miwili uko kwenye kazi hiyo, nami nikaamini ni kazi ya kusema. Watu walikuwa wakiniuliza mdogo wako anafanya nini, nawajibu anazungumza na marubani kwenye redio, na mimi mwenyewe ndiye ninayeruka. Nilikuwa naita, unanijibu wewe au mwingine kama wewe, nakwenda zangu kulitazama bwawa. Sikuwahi kujiuliza anayebaki kwenye kiti anafanya nini mpaka niite tena.

Alichelewa dakika kumi na moja. Alikuwa ameona ng'ombe wanachechemea kwenye shamba moja, akazunguka mara ya pili kuwaangalia. Alipoita sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi. Nikamwambia upepo bado ni wa mashariki, njia iko wazi, karibu nyumbani.

Hilo neno la mwisho halimo kwenye kozi yenu. Kama kompyuta imeliandika, waambie wanikate alama.

Kaka yako,
Fundi